Sumaku Ilipogusa Roketi

Nimefundisha somo la sumaku tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Ni somo fupi, halina utata, na katika miaka yote hiyo halijawahi kumliza mtoto hata mmoja.

Mimi lilinitoa machozi nikiwa mtu mzima, katikati ya boma la watu, katika somo nililoliomba mwenyewe.

Na sumaku niliazimwa na mtu niliyekuwa nikibishana naye.

Naomba nisimulie kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili likisimuliwa ovyo linageuka kichekesho. Wapo watu Ogwedhi wanaolicheka hadi leo. Siwalaumu.

Jina langu ni Nicodemus Bichage. Nilizaliwa Kegonga, nafundisha shule ya msingi karibu na Ogwedhi, na kwa muda mrefu nimekuwa mkusanyaji.

Watu wakisikia mkusanyaji hudhani nakusanya sadaka.

Mimi nilikusanya treni. Kwa usahihi zaidi, vichwa vya treni za kwanza kabisa duniani, zile za mvuke zenye dohani ndefu kama shingo ya korongo. Si zenyewe, bila shaka. Modeli zake ndogo, za kutosha kiganjani, zilizomiminwa kwa metali katika kalibu na kupakwa rangi kwa uangalifu ambao sijauona katika kitu kingine chochote nilichowahi kununua.

Ya kwanza kuipata ilikuwa Roketi, injini ya Kiingereza ya mwaka 1829. Ya manjano, dohani nyeupe, magurudumu makubwa mbele na madogo nyuma. Niliikuta Migori, katika fungu la vinyago vya mitumba, chini ya mdoli asiye na kichwa.

Niliinunua kwa bei ya soksi. Sikulala vizuri kwa furaha.

Mke wangu Susana aliigeuzageuza, akaniuliza, "Baba Levis, watu wa Ogwedhi wananunua ng'ombe. Ng'ombe hukamuliwa. Sasa hiki tutakikamua wapi?"

Mkusanyaji hana jibu. Ana rafu tu.

Aliyenielewa alikuwa mmoja. Dishon.

Tulisoma naye chuo cha ualimu, tukalala kitanda cha juu na cha chini. Yeye Mjaluo wa Kendu Bay, mimi Mkuria wa mpakani. Yeye mcheshi, mimi nikipanga viatu vyangu kwa mstari. Alikuwa akikiondoa kimoja usiku ili asubuhi anisikie nikilalamika.

Nilipomwonyesha Roketi aliiweka kwenye meza ya walimu shuleni kwake, akainama mpaka jicho likalingana na magurudumu, akasema, "Omera, ndugu yangu, kwetu treni haikuwahi kufika. Sasa imefika."

Basi tukaanza kukusanya. Nasema tukaanza, ingawa ununuzi ulikuwa wangu. Posho ya kusahihisha mitihani ilikwenda huko. Vifurushi vilitoka ng'ambo kupitia posta, vingine nilivipata katika kikundi cha wakusanyaji mtandaoni. Dishon alitoa kitu ambacho mimi sikuwa nacho.

Nyumba kavu.

Injini hizi hazipendi unyevu. Metali yake ikilowa kwa muda hupasuka kutoka ndani, kama muhogo uliooza. Nyumba yangu ya shule ilikuwa ya mabati, na mvua za kwetu Uriri haziombi ruhusa. Dishon alikuwa na nyumba ya mawe Kendu Bay, sakafu ya saruji, dari nzima.

Fundi wa Homa Bay akatutengenezea kabati la vioo. Tukaliweka sebuleni kwa Dishon, ukutani pasipopigwa jua.

Mimi nikaweka kanuni. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikaibandika mlangoni mwa kabati: ANGALIA, USIGUSE.

Jasho la vidole hula rangi. Kila injini niliiandika nambari tumboni, kwa rangi nyeupe na ncha ya pini, ikaingia kabatini, na tangu hapo sikuishika tena. Dishon alikuwa na ufunguo na brashi laini ya kupangusia vumbi. Mimi nilikuja kila likizo, nikaketi kwenye kiti mbele ya kioo, nikaangalia.

Mkewe, Phelesia, aliniletea chai na kunitania. "Japuonj amekuja kusali."

Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Alikuwa akiniita hivyo tangu siku ya harusi yao.

Miaka ikaenda. Kabati likajaa injini kumi na moja. Dishon akaanza kupungua.

Kisukari. Kwanza aliucheka ugonjwa, akasema yeye ni mtamu tangu zamani. Kisha kidonda cha mguu kikakataa kupona. Nilimuuliza mara nyingi kama anahitaji msaada. Kila mara alijibu, "Niko sawa. Uliza habari za treni."

Kwa hiyo niliuliza habari za treni.

Katika mwezi ambao sasa naujua kuwa ulikuwa wake wa mwisho kutembea, kulitokea tangazo katika kikundi chetu cha mtandaoni. Muuzaji alijiita Karakana ya Kale. Hakuwa na picha ya uso. Alikuwa anauza Roketi nyeusi.

Nyeusi! Kila mkusanyaji anajua Roketi ni ya manjano. Muuzaji aliandika kwamba ni toleo adimu lililotolewa kwa makosa kiwandani, halafu likasitishwa.

Mkusanyaji haponi mbele ya neno adimu.

Nilimpigia Dishon. Akakohoa, akasema, "Hiyo usiiache, omera. Hiyo ukiiacha utajuta."

Nikainunua. Muuzaji alisema yuko Nairobi na kwamba nilipe nikipokea mzigo Migori. Kifurushi kilitumwa asubuhi, nikakipokea kabla ya chakula cha mchana. Niliisifu sana kampuni ile ya vifurushi kwa mwendo wake.

Naomba msomaji asinicheke bado.

Ilikuwa nzito, imara, imepakwa rangi nyeusi kila mahali, mpaka tumboni. Niliiweka mezani kwangu nikisubiri likizo niipeleke Kendu Bay.

Likizo haikufika. Dishon alilazwa Homa Bay.

Nilimkuta amegeukia ukuta. Alipoisikia sauti yangu hakuniuliza habari za Susana wala za safari. Aliuliza, "Ile nyeusi imefika?"

"Imefika."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Ukitoka hapa nitaileta, tuiweke karibu na ya manjano."

Akatikisa kichwa juu ya mto. "Usiilete Kendu. Hiyo ibaki kwako."

Nilidhani ananiaga. Nikamshika mkono, nikalia, naye akaniacha nilie bila kunitania. Hiyo pekee ingetosha kunishtua.

Alifariki wiki hiyo. Tulimzika nyumbani kwao, nami nilisoma wasifu wake kwa niaba ya walimu. Nilisema maneno haya kwenye kipaza sauti: "Nilimpa Dishon vitu vyangu vya thamani avitunze, na hakuna hata siku moja niliyofunga kufuli moyoni mwangu."

Watu walipiga makofi. Mjane alitazama chini.

Siku kadhaa baada ya mazishi, Phelesia alinipigia simu. "Japuonj, Jumamosi wazee wanafanya keyo nyinyo. Uje."

Kijaluo changu ni cha sokoni. Nilijua nyinyo ni chuma. Keyo nyinyo ni kugawa chuma, nikatafsiri, nikaridhika na tafsiri yangu. Nilidhani wanagawana majembe na mapanga, na kwamba Phelesia ananiita nichukue vyangu wakati watu wapo wa kunisaidia kubeba.

Nilikwenda na makatoni, magazeti ya kufungia, na glavu.

Nilipoingia sebuleni, kabati lilikuwa wazi.

Injini zangu zote zilikuwa zimetolewa na kupangwa sakafuni, juu ya gunia, kati ya jembe, shoka, nyundo, baiskeli bila gurudumu na mtego wa panya.

Kanuni yangu ilikuwa bado imebandikwa mlangoni mwa kabati.

"Karibu, mwalimu," akasema Jaduong' Ochieng, yaani Mzee Ochieng, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye koti hata wakati wa joto. "Tumeshaomba. Keti."

"Mzee, samahani. Hizi ni zangu."

Chumba kizima kikanigeukia. Kulikuwa na ndugu, wajomba na shangazi, na karibu na gunia alikuwa amechuchumaa Chrispine, mtoto wa dada ya marehemu. Chrispine hununua skrapu, vyuma chakavu, Homa Bay. Alikuwa amekuja na mzani wake wa kuning'iniza.

"Zako kivipi?" akauliza Chrispine. "Ziko kwa nyumba ya nani?"

"Nilimpa mjomba wako anitunzie."

"Shahidi?"

"Yeye mwenyewe."

"Yawa!" Akapiga goti kwa kiganja. "Basi ngoja aamke tumuulize."

Shangazi mmoja akamkemea. Wengine walijizuia kucheka, kwa shida.

Nikasema ninazo risiti nyumbani, na nambari nilizoandika kila injini tumboni. Chrispine akasema nambari hata yeye anaweza kuandika, amesoma mpaka darasa la saba.

Jaduong' Ochieng akainua mkono. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni asiye na hatia.

"Mwalimu, sisi hatugawi mali yako. Leo tunagawa nyinyo. Boma zingine wanagawa mpaka viti na mashati. Kwetu hapa, baba yetu alifuata jina lilivyo. Chuma kilicholala katika nyumba ya mtu siku anapokufa ni chuma chake, kinagawiwa watu wake, hakiulizwi kilitoka wapi. Kikiulizwa, ugomvi hauishi. Mbao, vyombo, vitabu, hivyo ni vya mama wa nyumba. Hata sufuria zile za aluminiamu tumeziacha. Si chuma."

Nikasikia mlango ukifunguka ndani ya sentensi ile.

Sijui kama walimu wengine huhisi hivi. Mwanafunzi akitoa jibu lisilo sahihi lakini lenye mantiki, unaona papo hapo ni jiwe gani la kuondoa ili ukuta wote uanguke.

"Mzee," nikasema, "kwa hiyo ikiwa kitu si chuma, hakigawiwi?"

"Hakigawiwi."

"Hata kama kinafanana na chuma?"

Akafikiri. Akawatazama wazee wenzake. Mmoja akaitikia kwa kichwa, mwingine pia.

"Kama si chuma, chukua katoni zako upakie, tukusindikize mpaka barabarani."

Nikasimama. Nilivaa glavu zangu. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyojisikia mrefu.

"Injini hizi," nikasema kwa sauti ya darasani, "zinaonekana kama chuma, ni baridi kama chuma, na ni nzito kama chuma. Lakini zimetengenezwa kwa kumimina. Chuma huyeyuka kwa moto mkali mno, hakifai kwa kazi ndogo hivi. Kwa hiyo viwanda hutumia zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo. Ndugu yake ni sufuria, si jembe."

"Hayo ni maneno," akasema Chrispine.

"Nitaonyesha. Wewe unanunua skrapu. Unatenganisha vipi chuma na visivyo chuma?"

Kwa mara ya kwanza akakosa kejeli. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa sumaku nyeusi ya spika, iliyofungwa kamba.

"Naomba uniazime."

"Usiivunje, ndiyo ofisi yangu."

Nikaisogeza kwenye jembe. Ikajibamiza, paa! Nikaivuta, nikawaonyesha.

"Chuma," wakasema wachache, kama darasa.

Nikaomba sufuria. Phelesia alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Hakuileta. Shangazi akaileta yeye. Sumaku ikateleza tumboni mwa sufuria, ikaanguka.

"Si chuma!" wakasema wote sasa. Hata wazee walikuwa wakitabasamu.

"Japuonj," Phelesia akaita kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini. "Wacha tu. Wacha wagawe."

Nilidhani ananihurumia kwa ugomvi. Nikamwambia, "Shemeji, usijali, nimekaribia kumaliza."

Nikachuchumaa mbele ya Roketi ya manjano. Niliichagua hiyo kwanza kwa sababu ndiyo mzaliwa wa kwanza. Nikainua kamba juu yake, ili kila mtu aone sumaku ikining'inia bila kujali.

Haikufika hata chini.

Roketi iliruka kutoka kwenye gunia, ikaidaka sumaku hewani, ikabaki inabembea.

Paa.

Kisha Chrispine, polepole kabisa, akasema, "Chuma."

Na darasa langu lote likaitikia, "Chuma!"

Walicheka mpaka mzee mmoja akavua miwani. Mimi nilicheka pia kidogo, cheko la mtu ambaye hesabu yake imekataa na anajua kosa liko ubaoni. Nikajaribu ya pili. Paa. Ya tatu, ya nne. Zote zilishika. Nikavua glavu na kuchukua Roketi kwa mkono mtupu, kwa mara ya kwanza tangu nilipoifungia mle kabatini.

Ilikuwa nyepesi kama mkebe mtupu.

Kwa sababu ilikuwa mkebe mtupu.

Niliipindua. Tumboni hapakuwa na nambari. Ndani ya tangi, mahali rangi ya manjano haikufika, kulikuwa na nusu ya ua la alizeti na maneno ya kiwanda cha mafuta ya kupikia. Bati lilikuwa limekatwa, likakunjwa, likachomelewa kwa ustadi ambao siwezi kuudharau. Dohani ilikuwa kipande cha antena ya redio. Kwa mtu aliyeketi kwenye kiti, upande wa pili wa kioo, haikuwa na kasoro.

Nikainua macho, nikakutana na ya Phelesia. Akageuka, akaingia jikoni.

Nilimfuata.

Alikuwa akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mguu."

"Zote?"

"Moja moja. Alikuwa anapeleka Migori kwa fundi mmoja wa bati, Momanyi, anamwambia ni ya maonyesho ya shule. Fundi akimaliza hii, inakaa hapo, ile nyingine inatoka. Mwalimu, dawa hazikuwa zinangoja likizo."

"Angeniambia. Shemeji, si angeniambia tu?"

"Ungempa?"

"Ningempa zote."

"Najua. Yeye pia alijua." Akaweka sufuria chini. "Halafu ungekuja kila likizo, ukae kwa kile kiti, umwangalie yeye. Hakutaka kuangaliwa."

Nikamwambia alichofanya Dishon ni wizi. Nililisema neno lile lote, jikoni kwa mjane, kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile kama kokoto kiatuni.

"Japuonj, miaka miwili umekuja hapa, umekunywa chai, umeangalia bati, ukafurahi, ukaenda. Uliandika pale zisiguswe. Kama haziguswi, tofauti yake ni nini?"

Ningeweza kumjibu. Nina cheti. Badala yake machozi yakanitoka.

"Nani alizinunua?" nikauliza mwishowe.

"Sijui. Alikuwa anauzia kwa simu, kwa watu wa mtandao. Mimi sizijui hizo mambo."

Sebuleni, ugawaji ulikuwa umeendelea. Chrispine alizitundika kwenye mzani, akazitazama, akazirudisha. "Bati tupu. Hata kilo moja hazijai. Wapeni watoto."

Zikagawiwa hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimethibitisha kwamba ni chuma. Kila mmoja akachukua moja. Shangazi alisema yake ataipandia maua.

Jaduong' Ochieng akaniita mbele. Akanipa Roketi ya bati kwa mikono miwili.

"Hii ni fungu lako. Wewe ulikuwa mtu wake. Nyinyo ya mtu haikataliwi, mwalimu. Ukiikataa umemkataa yeye."

Nikaipokea. Nikasema ero kamano, asante. Chrispine akanishika bega nikitoka, na sikuona kejeli usoni mwake aliposema, "Pole, mwalimu. Lakini hiyo somo ulifundisha poa."

Nilifika nyumbani na makatoni matupu.

Susana alikuwa mezani akichambua maharagwe. Akatazama makatoni, akanitazama mimi, akatazama kile nilichoshika. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea aseme aliyokuwa akiyasema siku zote, nami nilikuwa tayari kukubali.

Akasema, "Lakini ile nyeusi haikufika kwake. Ile iko."

Ni kweli. Ile iko!

Nilikimbilia chumbani. Roketi nyeusi ilikuwa kwenye meza yangu, mahali pake. Niliileta na sumaku ya shule, ile yenye rangi nyekundu upande mmoja.

Sumaku ikagusa. Ikateleza. Ikaanguka mezani.

Nikarudia. Haikushika.

"Si chuma," nikamwambia Susana.

"Mungu ni mwema," akasema. "Basi moja imebaki."

Nilizipanga mbili pamoja juu ya meza, ya bati na ya kweli, ya manjano na nyeusi. Nilihisi kama mtu aliyezikwa na kukumbuka kuwa mkono mmoja uko nje. Moja inatosha kuanza upya, nikawaza. Nitaipa nambari.

Niliipindua ili nione pa kuandika. Ndipo nikaona kwamba rangi nyeusi ya tumboni ilikuwa nzito kuliko ya juu. Kiwanda hakipaki hivyo. Hakuna kiwanda kinachohangaika kuficha tumbo.

Levis, kijana wetu, huwa anapaka milango ya watu rangi akiwa likizo. Nilichukua tambara na tina yake ya kuyeyushia rangi.

Nikasugua dohani kwanza, kidogo tu. Nyeusi ikatoka. Chini yake nyeupe.

Nikasugua tangi. Manjano.

Susana akaacha maharagwe.

"Baba Levis, wacha."

Sikuacha. Nikaipindua, nikasugua tumbo polepole, kwa mzunguko, kama tunavyofundishwa kufuta ubao. Na pale chini, kwa rangi nyeupe, kwa ncha ya pini, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yakajitokeza maandishi haya:

N.B. 1

Karakana ya Kale haikuwa Nairobi. Ilikuwa Kendu Bay, kitandani, imelaza mguu kwenye mto, ikishika simu kwa mkono mmoja na kukohoa nilipopiga kuomba ushauri.

Hiyo usiiache, omera. Hiyo ukiiacha utajuta.

Alikuwa ameiuzia dunia nzima injini zangu, na ile ya kwanza akaniuzia mimi.

Nimelifikiria jambo hili kutoka kila upande. Siku nyingine naamua kwamba ilikuwa dharau, kwamba hapo mwisho hakukuwa na mnunuzi mwingine, naye alijua udhaifu wangu kuliko mtu yeyote. Siku nyingine namsikia akisema, "Ibaki kwako," nami naona mtu aliyeshindwa kuomba radhi akatafuta njia ndefu ya kunirudishia changu. Angeweza kumuuzia mgeni. Hakumuuzia mgeni.

Lakini pesa alichukua. Na mimi nililia nikimshika mkono, naye akaniacha nilie.

Sijakwenda Kendu Bay tena. Phelesia hunitumia salamu za Krismasi. Namjibu kwa heshima, kwa sentensi mbili.

Ninyi mnaosoma, nawaachia funzo moja tu, maana mengine yote yamenikataa. Ukiwa na kitu unachokipenda, au mtu, usikae mbele yake ukiangalia na kujipongeza kwa utunzaji wako. Kinyanyue. Mshike. Ujue uzito wake leo, na kesho ushike tena, uone kama ni uleule. Mimi nilikaa mbele ya rafiki yangu miaka miwili akiwa anakwisha, na nilichokagua ni kama kioo kina vumbi.

Injini zote mbili ziko shuleni sasa, kwenye dirisha la darasa langu. Hazina kioo. Watoto wanazishika wanavyotaka, na ya kweli imeshaanza kuchubuka.

Muhula uliopita nilifundisha tena somo la sumaku. Msichana wa dawati la mbele aliigusisha sumaku kwenye ya bati, ikanata. Akaigusisha kwenye ile nyingine, ikaanguka. Akajaribu tena na tena.

"Mwalimu, hii inayoshika ulipewa na nani?"

"Na rafiki yangu."

"Na hii isiyoshika?"

Nilichukua chaki, nikageukia ubao.

"Huyo huyo," nikasema. "Andikeni tarehe."